Sindano ya Nguvu za Kiume: Mume na Mke Waangalie Saa Pamoja



Leo tunaingia chumbani, lakini kwa heshima. Kuna ugonjwa unaozima mazungumzo katika nyumba nyingi za Wakristo, nao hautajwi kanisani wala sokoni. Ni ule wa mume kushindwa kutimiza tendo la ndoa kwa sababu uume hausimami, au husimama kidogo kisha ukalegea kabla ya wakati. Mume hunyamaza. Mke naye hunyamaza. Kitanda kimoja, lakini kila mmoja ameugeukia ukuta wake. Wazee walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili tunaweza kuongeza kwamba mficha uchi hapati hata dawa.

Somo letu halitagusa matibabu yote ya ugonjwa huu. Tutazungumza juu ya tiba moja, ile ya sindano ambayo mume hujidunga kwenye uume, na hasa madhara yake na jinsi ya kuyakabili. Mimi ni katekista, si daktari. Vipimo na dozi ni kazi ya daktari. Lakini kuna sehemu ya tiba hii ambayo daktari hawezi kuwafanyia, nayo ni kukubaliana ninyi wawili kabla sindano ya kwanza haijadungwa. Sindano hii ikitumiwa kwa siri inaweza kumwangamiza mume. Ikitumiwa na wawili wanaosikilizana, madhara yake mengi huzuilika, na yasiyozuilika huwahiwa.

1. NI UGONJWA, SI LAANA

Huku kwetu Chwele, mume akipatwa na hali hii, wa kwanza kushukiwa ni mchawi, na wa pili ni mwanamke wa nje. Mara nyingi wote wawili hawahusiki. Uume husimama kwa damu. Mishipa ya damu ikiharibika, au mishipa ya fahamu ikikosa nguvu, damu haiingii ya kutosha au haikai. Wanaoharibu mishipa hiyo ni kisukari, shinikizo la damu, sigara na pombe. Wengine hupatwa baada ya upasuaji wa tezi dume au ajali ya uti wa mgongo. Wengine ni kwa ajili ya dawa wanazomeza, au wasiwasi na huzuni nyingi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kununua unga wa kienyeji sokoni. Hatua ya kwanza ni kupimwa sukari na shinikizo la damu. Mara nyingine uume hutangulia kutoa habari ambazo moyo utazitoa baadaye, kwani mishipa yake ni midogo na huziba mapema. Mume anayekwenda hospitali kwa sababu ya aibu hii anaweza kurudi ameokoa maisha yake.

Wengi hutibiwa kwa vidonge, ambavyo vilianza kuuzwa mwaka 1998. Lakini vidonge havimfai kila mtu. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua hatakiwi kuvimeza kabisa, maana shinikizo la damu laweza kushuka kwa hatari. Wengine, hasa wenye kisukari cha muda mrefu au waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume, huvimeza bila kuona mabadiliko. Hao ndio ambao daktari huweza kuwashauri juu ya sindano.

2. INAFANYAJE KAZI?

Tiba hii haikuanza jana. Mwaka 1982 daktari Ronald Virag wa Paris, Ufaransa, alieleza kwamba dawa iitwayo papaverini ikidungwa kwenye uume huufanya usimame. Mwaka uliofuata, Mwingereza Giles Brindley alijidunga mwenyewe dawa ya namna hiyo na kuwathibitishia madaktari wenzake katika mkutano wao huko Las Vegas, Marekani. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya alprostadili kwa kazi hiyo, na mpaka leo ndiyo inayojulikana zaidi. Madaktari wengine hutumia mchanganyiko wa dawa mbili au tatu.

Dawa hulegeza misuli na kupanua mishipa iliyo ndani ya uume, ndipo damu ikaingia kwa wingi. Kwa kawaida uume husimama baada ya dakika 5 hadi 20. Lengo la daktari ni kupata dozi ndogo kabisa inayotosha, ili uume usikae umesimama kupita muda wa saa moja hivi. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa hospitalini mbele ya daktari, na mume hufundishwa pale pale jinsi ya kudunga. Mtu asikubali kupewa chupa na sindano na jirani, au na muuza duka la dawa asiyempima wala kumfundisha. Dozi iliyomfaa jirani yako yaweza kuwa kubwa mno kwako.

3. KANISA LINASEMAJE?

Wengine huuliza kama Mkristo anaruhusiwa kutumia dawa ya namna hii. Kutibu kiungo kilichougua ili mume na mke waweze kukutana kama mume na mke si dhambi. Tiba hapa inalisaidia tendo la ndoa. Haichukui nafasi yake. Mtakatifu Paulo, katika sura ya saba ya Barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, anawakumbusha wanandoa kwamba kila mmoja ana haki kwa mwenzake na asimnyime ila kwa kupatana.

Jambo jingine linawasumbua wengi. Ndugu wa mke husema, "Mume ameshindwa, ndoa imekufa, rudi nyumbani." Hilo si fundisho la Kanisa. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inazungumzia kutoweza kulikokuwapo kabla ya ndoa na kusikopona. Huko ndiko kunakoizuia ndoa isifungwe kihalali. Udhaifu uliokuja baadaye, kwa ugonjwa au kwa uzee, hauvunji ndoa iliyofungwa halali na kukamilishwa. Ni msalaba, na msalaba wa nyumba hubebwa na wawili.

Lakini haki ya mume si amri. Dawa haijui kama mama ameshinda shambani akipalilia, au ana homa, au hana raha moyoni. Mume akijidunga kwanza kisha ndipo amtafute mkewe, amemwekea mwenzake saa ya kulazimishwa. Mpango mwema ni kuuliza kwanza: "Mama watoto, leo unaonaje?" Akisema leo hapana, chupa ikae mahali pake.

4. MADHARA MADOGO NA JINSI YA KUYAPUNGUZA

Maumivu. Alprostadili huweza kuleta maumivu mazito au kuwashwa ndani ya uume. Katika majaribio ya dawa hiyo, zaidi ya mume mmoja kati ya watatu alisikia maumivu walau mara moja. Kwa wengi ni ya kadiri na hupita. Yakizidi, usijikaze kiume. Mwambie daktari, maana anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Kuvuja damu na kuvilia. Baada ya kutoa sindano, bana mahali hapo kwa kidole na pamba safi kwa dakika 5. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abane kwa dakika 10, na daktari awe amejua habari hiyo tangu mwanzo. Alama ndogo ya bluu hupona yenyewe. Uvimbe unaoendelea kukua haufai kusubiriwa.

Uvimbe mgumu na kupinda. Ukidunga mahali pamoja kila mara, kovu hujengeka ndani na uume huanza kupinda. Dawa ya kulizuia ni nidhamu. Dunga ubavuni mwa uume kama ulivyofundishwa, wala si juu wala si chini, kwa sababu juu kuna mishipa ya damu na ya fahamu, na chini umo mrija wa mkojo. Epuka mshipa unaoonekana. Leo upande wa kulia, safari nyingine upande wa kushoto. Usidunge zaidi ya mara moja katika masaa 24, wala zaidi ya mara tatu kwa wiki. Jipapase mwenyewe mara kwa mara. Ukigusa gamba gumu au ukiona umeanza kupinda, simamisha sindano umwone daktari.

Kizunguzungu. Mara chache dawa huingia mwilini na kushusha shinikizo la damu. Lala chini, inua miguu, usisimame ghafla. Mtu akizimia, apelekwe hospitali.

Uchafu. Nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi, tumia sindano mpya kila mara, wala usimwazime mtu sindano. Ngozi ikiwa nyekundu, yenye joto na usaha, hayo ni maambukizi na yanahitaji matibabu. Sindano iliyotumika isitupwe chooni wala shambani, ambako siku moja itamchoma mtoto anayepalilia. Iwekwe ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, nalo lirudishwe hospitalini.

Dawa yenyewe nayo ihifadhiwe kama ulivyoelekezwa. Ile ya unga huhitaji mahali pasipo joto kali, na ikishachanganywa na maji yake hutumika mara moja. Michanganyiko ya chupa huhitaji friji. Kama nyumbani hakuna friji, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

5. HATARI KUBWA: MASAA MANNE

Hapa tafadhali someni polepole, tena wote wawili.

Kuna nyakati ambapo uume husimama na kukataa kulala, hata baada ya tendo la ndoa kwisha na hamu kwisha. Katika majaribio ya alprostadili, jambo hili la kupita masaa manne liliwapata takriban wanne kati ya kila wanaume mia. Si wengi, lakini si hadithi. Mwanzoni mume anaweza hata kufurahi, akidhani ujana umerudi. Huo si ujana. Ni damu iliyotuama. Damu isiyotembea haina hewa, na nyama isiyopata hewa huanza kufa. Ukipita muda wa masaa manne, hatari ya nyama hiyo kuharibika huongezeka kila saa. Ikipita siku nzima, kwa kawaida mume hatasimamisha uume tena maisha yake yote. Yule aliyetafuta nguvu huzipoteza kabisa, na kilichomponza si dawa tu, ni kungoja.

Kwa nini watu hungoja? Kwa sababu ya aibu. Ni usiku, watoto wamelala chumba cha pili, na mama mkwe labda yuko jikoni. Nani atamwamsha mwenye bodaboda? Atamwambia nini mlinzi wa hospitali? Na kama muuguzi wa zamu ni mama wa rika la mkwewe, je? Ndipo mume husema, "Nitavumilia mpaka asubuhi." Maneno hayo, mama, usiyakubali.

Tuhesabu pamoja. Tuseme mume amejidunga saa tatu usiku, na robo saa baadaye uume ukasimama. Andikeni wakati huo: saa tatu na robo. Ikifika saa nne na robo, ni muda wa saa moja. Ungetarajia uume uwe unalala. Ikifika saa tano na robo, ni masaa mawili. Mume aende haja ndogo, atembeetembee uani, aweke kitambaa chenye maji baridi. Asinywe pombe, asimeze dawa nyingine, asirudie tendo akidhani litamaliza. Mpigieni simu daktari wenu kama ana nambari ya usiku. Ikifika saa sita na robo, ni masaa matatu: ondokeni nyumbani. Msingoje saa saba na robo, ambayo ndiyo masaa manne, ndipo mtafute usafiri. Kutoka Chwele hadi mji wa Bungoma ni zaidi ya kilomita 20, Kitale ni mbali zaidi, na usiku wa mvua chini ya Mlima Elgon barabara haina huruma. Masaa manne ni wakati wa kuwa mbele ya daktari, si wakati wa kufunga kamba za viatu. Na kama maumivu ni makali, msingoje hata hayo masaa matatu.

Hospitalini daktari huitoa damu iliyotuama kwa sindano, na huweza kudunga dawa ya kubana mishipa huku akiangalia shinikizo la damu. Mtu akiwahi, mara nyingi kazi hiyo hufaulu.

Kwa hiyo, kabla ya sindano ya kwanza, tayarisheni mambo manne:
(a) Muulizeni daktari ni hospitali gani ya karibu inayoweza kufanya kazi hiyo usiku. Si kila zahanati inaweza.
(b) Wekeni akiba ya nauli ambayo haiguswi kwa sukari wala kwa unga, na nambari ya mwenye gari au bodaboda mnayemwamini.
(c) Mwombeni daktari awaandikie karatasi yenye jina la dawa, dozi na neno la dharura. Andikeni juu yake saa ya kudunga. Mume akishindwa kusema mbele ya muuguzi, karatasi itasema.
(d) Msitumie sindano usiku wa manane, wala safarini mahali msipojua hospitali. Jioni na mapema ni afadhali, kwani hesabu ya masaa huisha barabara zingali na watu.

6. NANI ASITUMIE?

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, asitumie sindano hii. Hata aliyerithi chembe za ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, bila kuugua, anatakiwa kusema kwa daktari. Damu yao hukwama ndani ya uume kwa urahisi zaidi. Nasisitiza kwa sababu magharibi mwa Kenya ni kati ya sehemu za nchi zenye selimundu kwa wingi, na kuna baba ambaye hajawahi kupimwa ingawa amezaa mtoto mgonjwa. Mtoto akiwa na selimundu, wazazi wote wawili wamembebea. Vilevile wenye saratani za damu, na wenye uume uliopinda kwa kovu, wasianze bila daktari kuamua. Waliovunjika uti wa mgongo huhitaji dozi ndogo sana, kwani miili yao huitikia kwa nguvu.

Msichanganye sindano na vidonge vya nguvu za kiume pasipo ruhusa ya daktari. Na yule mwenye kutafuna mukombero, au kukoroga unga wa sokoni kwenye chai, amweleze daktari bila kuficha. Katika nchi mbalimbali, unga na vidonge vinavyoitwa vya asili vimepimwa na kukutwa vimetiwa dawa za hospitali kisirisiri. Anayedhani anatumia moja huenda anatumia mbili.

Kama mama ni mjamzito, au mmoja wenu anaishi na virusi vya UKIMWI, hayo pia yasemwe mapema, kwa kuwa tone la damu mahali pa sindano laweza kumgusa mwenzake.

7. SEHEMU YA MKE

Mama, usiseme hayo ni mambo ya wanaume. Wewe ndiwe unayeweza kutazama saa wakati mwenzako amechanganyikiwa. Nenda naye siku ya mafunzo hospitalini. Baadhi ya wanaume hawaoni vizuri kwa sababu ya kisukari, au mikono hutetemeka, na wake zao hufundishwa kudunga. Usimcheke, wala usipeleke habari hizo kisimani. Ukimwaibisha mara moja, safari nyingine atajidunga peke yake na kuvumilia peke yake.

Nawe baba, usimfiche. Kama maneno ni mazito, anza hivi: "Mama, nimekuwa nikikukwepa. Si kwamba nimekuchoka. Mwili wangu umeugua, na nataka twende hospitali pamoja." Sentensi hizo tatu zimeponya nyumba zaidi ya unga wote wa sokoni. Tena, sindano ikikataa au madhara yakizidi, mapenzi hayajafungwa. Kukaa pamoja, kukumbatiana, kusali pamoja na kucheka pamoja ni chakula cha ndoa pia, na kuna watu wazima wengi wanaoshiba kwa hicho.

MASWALI YA KUJADILI WAWILI

1. Tangu lini hatujazungumza waziwazi juu ya chumba chetu? Nani kati yetu anaogopa zaidi, na anaogopa nini?
2. Je, tumepima sukari, shinikizo la damu na selimundu?
3. Tatizo likitokea usiku wa leo, tungekwenda hospitali gani, kwa gari la nani, na kwa fedha zipi?
4. Mke akisema "twende sasa", je, mume ameahidi kumtii?

Lijibuni hilo la nne kabla ya yote, nalo litamkeni kwa sauti. Mungu awabariki nyumbani mwenu.